Je, Wajua? Samaki wa Maji Baridi Hana Kiu

Je, wajua kwamba sato wa ziwani karibu hanywi maji kabisa? Damu yake ina chumvi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humwingia yenyewe kupitia matamvua, na figo zake hushinda zikiyatoa kwa mkojo mwingi mwepesi. Mnywaji ni changu wa baharini, ambaye hupoteza maji kutwa kucha na hulazimika kuyagugumia ya chumvi ili asikauke. Kwa hiyo ukikuta metali nzito kama risasi au kadimi ndani ya utumbo wa sato, usianze kuyalaumu maji. Imeingia na tonge.

Na tonge hilo ndilo la safu ya leo: gunia la chakula cha samaki, kilichojificha humo, na kinachomfanya mlaji wake wa kwanza. Mlaji wa pili ni wewe, utafikiwa.

Je, wajua kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana metali nzito ni zipi? Wapo wanaotumia mizani: lita moja ya zebaki ina zaidi ya kilo 13 na nusu, hata msumari wa chuma huelea juu yake. Wapo wanaotazama sumu tu, wasijali uzito. Mwaka 2002 mtaalamu wa sumu John Duffus alichapisha makala katika jarida la wanakemia akihoji kama msemo huo una maana yoyote. Aseniki si metali kamili, seleniamu ndiyo kabisa haimo, ilhali zote mbili hazikosi kutajwa kila metali nzito zinapotajwa. Sisi tutazungumza kama wauza pembejeo wanavyozungumza: zebaki, risasi, kadimi, aseniki, na jamaa zao shaba na zinki.

Je, wajua kwamba hao wawili wa mwisho samaki akiwakosa anaugua? Anahitaji shaba miligramu 3 hadi 5 katika kila kilo ya chakula, na zinki miligramu 15 hadi 30. Trauti wa kufugwa akikosa zinki hupata mtoto wa jicho, macho yakawa meupe kama ya babu. Miaka ya 1970 ilikuja kugundulika kwamba ugonjwa huo uliwapata hata samaki waliolishwa unga wa samaki wenye zinki ya kutosha. Kosa lilikuwa mifupa: unga uliojaa mifupa una kalsiamu na fosfeti nyingi, navyo huizuia zinki isivuke utumbo.

Mifupa hiyohiyo ina upande wake mwema, na hili ninalipenda. Kadimi hupenya mwilini kwa kujifanya kalsiamu, ikipita mlango wa kalsiamu. Trauti waliolishwa chakula chenye kalsiamu nyingi waliingiza kadimi kidogo kuliko wenzao, kwa kuwa mlangoni palikuwa na foleni. Mfupa mmoja unamnyima samaki zinki na unamwepusha na kadimi. Mtengeneza chakula anayekwambia "weka mifupa mingi, haina madhara" amejua nusu ya habari.

Je, wajua kadimi iligunduliwa wapi? Ndani ya zinki. Mwaka 1817 Friedrich Stromeyer, Mjerumani aliyekuwa akikagua maduka ya dawa, alikuta dawa ya zinki inageuka njano ikipashwa moto ingawa haikuwa na chuma. Akaifuatilia rangi hiyo mpaka akaifikia metali mpya. Zaidi ya miaka 200 imepita na hao wawili bado hawajaachana: mawe ya zinki huchimbwa yakiwa na kadimi ndani yake, na chumvi ya zinki isiyosafishwa vizuri humleta mgeni huyo hadi kwenye premiksi, ule mchanganyiko wa madini na vitamini, na premiksi humleta kwenye gunia. Fosfeti nayo, ile ya kutengenezea DCP (dikalsiamu fosfeti) ya kwenye chakula, hutegemea mwamba ilikotoka. Miamba iliyojengwa na mashapo ya bahari za kale kwa kawaida ina kadimi kuliko ile iliyotokana na volkano.

Pumba na mashudu pia yanahusika, kwa njia ya kuzunguka. Nafaka na mbegu zina fitati, kitu kinachoikamata zinki isimfikie samaki. Mtengenezaji akijua hivyo huongeza zinki. Akinunua ya bei ya kutupwa, anaongeza na kisichotakiwa.

Je, wajua kwamba mlango wa matamvua na mlango wa mdomo ni kama wa nyumba mbili tofauti? Shaba inaonyesha vizuri. Wafugaji wanaoujua mrututu, yaani salfeti ya shaba, wanajua ni dawa ya kuua mwani na vimelea, na wanajua ukizidisha kidogo samaki wanageuka matumbo juu. Kwenye maji laini, yasiyo na chokaa, makumi ya mikrogramu za shaba katika lita moja yanatosha kumuua trauti mdogo. Sasa mchukue trauti huyohuyo umlishe shaba kwenye chakula: atavumilia mamia ya miligramu kwa kilo, na katika jaribio moja linalotajwa sana ukuaji ulianza kudhoofika chakula kilipofika karibu miligramu 700. Kupitia maji sumu huua leo. Kupitia chakula inachukua msimu mzima.

Ndiyo maana haionekani. Samaki aliyekula metali kidogo kidogo haelei asubuhi ili mwenye bwawa apige kelele. Anadumaa. Anakula gunia la pili na la tatu, na kwenye mizani ni yuleyule. Mfugaji mmoja wa vizimba aliwahi kunieleza kwa uchungu jinsi "mbegu mbaya" ilivyomtia hasara. Vifaranga alibadilisha mara mbili, muuzaji wa chakula hakumbadilisha hata mara moja. Sisemi chakula chake kilikuwa na sumu, maana hakikupimwa. Maji yake yalipimwa mara tatu.

Je, wajua utumbo wa samaki una askari wake? Kwanza ute, unaozinasa metali kabla hazijagusa ukuta. Kisha seli za ukuta wenyewe, ambazo huzimeza metali, hukaa nazo siku chache, halafu huchubuka na kutoka na kinyesi pamoja na mzigo. Kwa kadimi ya kwenye chakula, sehemu ndogo tu hufika kwenye damu. Zebaki ya kikaboni, methilizebaki, haina habari na askari hao. Sehemu kubwa ya inayomezwa huvuka.

Inayovuka hukutana na mlinzi mwingine ndani ya ini na figo: metalothionini, protini fupi iliyojaa salfa inayozibana metali kama mkono unavyofumbata sarafu. Molekuli moja hushika chembe 7 za zinki au kadimi. Ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1957, si kwa samaki bali katika figo la farasi. Siku hizi mtafiti akitaka kujua kama samaki wa mto fulani wanaishi na metali, hupima protini hiyo katika ini, kama vile mtu angehesabu walinzi langoni kujua kama kuna hatari.

Je, wajua kwamba tumbo la sato lina asidi kali kupindukia? Jambo hili lilichunguzwa hapa nyumbani, Ziwa George nchini Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 1973: pH ya tumbo la sato anayekula inaweza kushuka hadi 1.4 hivi. Ndiyo inayomwezesha kusaga mwani wa kibuluu ambao samaki wengi huutema ukiwa mzima. Asidi hiyohiyo huyeyusha chumvi nyingi za metali. Kapu hana tumbo kabisa. Chakula kikitoka kooni kinaingia utumboni moja kwa moja. Kwa hiyo gunia moja likigawiwa mabwawa mawili, la sato na la kapu, si lazima metali zitoke kwenye chakula kwa kiasi kilekile.

Sasa dagaa, ambaye nitakaa naye kidogo.

Dagaa wa Ziwa Victoria, omena kwa Wakenya, mukene kwa Waganda, ndiye protini ya vyakula vingi vya samaki vinavyokorogwa kanda hii. Kuna mambo matatu kumhusu. La kwanza, anasagwa mzima: kichwa, ini, figo, matamvua, mifupa. Yaani vile viungo ambavyo samaki hutumia kuhifadhi metali vinaingia vyote mashineni, wakati sangara hupelekwa kiwandani akatolewa minofu. La pili, anakaushwa. Samaki mbichi ni maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake. Ukimkausha, kilo nne huwa kama kilo moja, lakini metali hazipai na mvuke. Kipimo kilichokuwa 0.1 kwa mbichi hukaribia 0.4 kwa mkavu bila mtu yeyote kuongeza kitu. Hapo ndipo watu wanapogombana bure: mmoja ana takwimu ya samaki mbichi, mwenzake ya mkavu, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo.

La tatu ni mchanga. Kila mpishi anajua dagaa wa kuanikwa chini wana mchanga, na kila msaga chakula anajua mchanga huo unakula visu vya mashine na kuongeza uzito wa gunia. Mchanga safi wa ufukweni si tatizo la metali. Tatizo ni dagaa wanapoanikwa kando ya barabara. Kusini mwa Sahara petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021, lakini risasi iliyotoka kwenye mabomba ya magari kwa miongo yote ile haikuondoka na magari. Imebaki kwenye udongo wa juu. Kichanja cha nyavu, mita moja juu ya ardhi, kinamaliza habari hiyo kwa gharama ya miti michache.

Je, wajua kwamba pamoja na zebaki yote inayotumika kukamatia dhahabu Geita, Mara na Migori, vipimo vingi vya samaki wa Ziwa Victoria vimekuta zebaki iko chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kikomo kinachotumiwa na nchi nyingi? Ninakula dagaa na sijaacha. Lakini ziwa kubwa si kijito kinachopita chini ya marudio, yaani mabaki, ya wachimbaji. Bwawa linalochota maji hapo, na kambare anayefukua tope lake, wapimwe peke yao. Wastani wa ziwa zima hauwahusu.

Zebaki yenyewe, ile ya maji ya fedha, samaki haichukui sana. Inageuzwa na bakteria wa kwenye tope lisilo na hewa ikawa methilizebaki, na kuanzia hapo ni ngazi: mwani, mdudu, dagaa, sangara. Kila anayekula mwingine hurithi akiba yake. Haikai kwenye mafuta, kinyume na wengi wanavyodhani. Inashikamana na protini ya nyama. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, kubanika hakuiondoi.

Inamfanya nini samaki? Watafiti wa Norwei waliwalisha samoni wachanga, wakiwa bado katika umri wa kuishi maji baridi, chakula chenye methilizebaki kwa miezi minne na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Ubongo ulikuwa na majeraha, na waliopewa kipimo cha juu walipungua uchangamfu baada ya kula. Kisamaki kingine kidogo cha Marekani Kaskazini kililishwa viwango vinavyofanana na vya maziwa ya porini: madume na majike wengi walishindwa kuzaana, wengine wakachelewa. Kwa macho tu, hakuna ambaye angejua kwamba ni wagonjwa.

Fupi fupi sasa.

Risasi hukaa kwenye mifupa, magamba na matamvua. Huziba kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza damu, na trauti walioishi kwenye maji yenye risasi kwa muda mrefu hupata mkia mweusi na mgongo uliopinda.

Kadimi hupenda figo. Shaba hupenda ini.

Aseniki ya kwenye chakula humshika trauti nyongo: kuta za mfuko wa nyongo huvimba na kukomaa.

Kadimi ya kwenye maji hupofusha pua. Trauti mmoja akijeruhiwa, ngozi iliyochanika hutoa harufu ya hatari na wengine hutulia au hujificha. Aliyekaa kwenye maji yenye kadimi hujiendea zake kama hakuna kilichotokea. Waliolishwa kadimi kwenye chakula walibaki na pua nzima. Milango miwili, tulisema.

Je, wajua kuna mto ambao ulithibitisha kwamba chakula peke yake kinatosha kumuumiza samaki? Clark Fork, jimbo la Montana, Marekani. Juu yake kulikuwa na machimbo ya shaba ya Butte na tanuri za Anaconda. Mafuriko makubwa ya mwaka 1908 yalizoa mabaki ya machimbo na kuyatandaza kwenye kingo kwa zaidi ya kilomita 150, hadi kwenye bwawa la Milltown lililokuwa limekamilika mwaka huohuo. Miaka ya 1990 watafiti walikusanya wadudu wa chini ya mto ule, wakiwa na shaba, kadimi, risasi na aseniki miilini, wakawalisha trauti wachanga. Hata vifaranga waliokuwa kwenye maji yasiyo na sumu walikua kwa shida na wengi wakafa. Walipopasuliwa, utumbo ulikuwa umejaa na kuziba: samaki walikuwa na choo kigumu. Ndiyo, samaki hupata choo kigumu, na huweza kumuua.

Watafiti wengine waliolisha metali zilizochanganywa kwa njia tofauti hawakuona madhara makali hivyo, na wataalamu walibishana miaka mingi. Mimi naona ubishi huo ulikuwa na faida kuliko jibu lolote moja: ulionyesha kwamba miligramu kumi zilizofungwa ndani ya mwili wa mdudu si sawa na miligramu kumi za chumvi ya dukani. Bwawa la Milltown lilibomolewa mwaka 2008.

Je, wajua kisa cha Belews? Ni ziwa la kutengenezwa katika North Carolina, lililokusudiwa kupoza kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Kuanzia mwaka 1974 maji ya majivu yaliingia humo yakiwa na seleniamu, kiasi ambacho majini kilionekana kidogo. Mwani ukaikusanya, wadudu wakala mwani, samaki wakala wadudu. Majike waliipeleka kwenye mayai. Vifaranga walizaliwa na migongo iliyopinda na macho yaliyotokeza. Katika aina 20 za samaki, 19 zilitoweka. Waliokuwa wakitazama maji tu hawakuliona balaa likija. Na ajabu ya seleniamu ni kwamba kwa kipimo kidogo humkinga samaki na zebaki.

Je, wajua samadi ya kuku inaweza kuwa na historia? Kwenye mabwawa mengi samadi hurutubisha maji ili mwani uote na sato ale. Marekani ilimlisha kuku roksasoni, dawa yenye aseniki, tangu miaka ya 1940 hadi mauzo yaliposimamishwa mwaka 2011. Aseniki hiyo ilitoka na kinyesi. Ulaya, kwa upande wake, ilipiga marufuku mwaka 2022 kuwapa watoto wa nguruwe zinki oksaidi kama dawa ya kuhara, kwa sababu moja kuu kwamba zinki ilikuwa inalundikana kwenye mashamba yanayomwagiwa kinyesi chao. Anayejenga banda juu ya bwawa anapaswa kujua kuku au nguruwe wake wanakula nini, maana samaki anakula kilichosalia.

Na nzi je? Mabuu ya nzi askari mweusi yamekuwa gumzo Nairobi na Dar es Salaam kama mbadala wa dagaa, na mimi ni shabiki wao: wanageuza taka za soko kuwa protini. Ila wana tabia moja. Kadimi iliyomo kwenye taka huikusanya, wakawa nayo nyingi kuliko taka yenyewe. Risasi hawaikusanyi hivyo. Maganda ya ndizi na mabaki ya hoteli hayana neno; taka zilizochanganyika na betri na rangi ni habari nyingine kabisa.

Magugu maji vilevile. Yalianza kuonekana Ziwa Victoria karibu na mwaka 1990, na wengi wamejaribu kuyakausha na kumlisha sato. Mmea huo hutumika kwingineko kusafisha maji machafu kwa sababu mizizi yake hunyonya risasi na kadimi. Majani yana kidogo, mizizi ina nyingi. Ukiyavuna karibu na mfereji wa mji na kusaga yote, umeirudisha taka kwa aliyeikimbia.

Je, wajua sheria inasemaje? Tuchukue ya Ulaya, kwa kuwa ndiko minofu ya sangara inakokwenda. Mwongozo wa mwaka 2002 na marekebisho yake unaruhusu, katika kilo moja ya chakula kamili cha samaki, zebaki miligramu 0.2, kadimi 1, risasi 5 na aseniki 10. Samoni wa Norwei tuliowataja walipewa methilizebaki kuanzia miligramu 5, mara 25 ya kikomo hicho cha zebaki. Kwa gunia la kilo 25, kikomo hicho ni miligramu 5 za zebaki, tone dogo kuliko kichwa cha pini. Aseniki 10 inashtua mpaka uambiwe sababu: samaki na mwani wa baharini wana aseniki ya kikaboni kwa wingi, aina ambayo hupita mwilini na kutoka bila madhara makubwa. Ile isiyo ya kikaboni ndiyo hatari, na sheria inaruhusu wakaguzi kudai uthibitisho kwamba haizidi miligramu 2. Cheti cha maabara kinachosema "aseniki 6" bila kutaja ni ya aina gani hakijakwambia kitu.

Sasa wewe, mlaji wa pili. Habari njema ni kwamba samaki anakuchujia. Kadimi huishia figoni na inini, risasi mifupani. Minofu hupata kidogo sana. Sato wa kufugwa aliyevuliwa akiwa na miezi sita hadi minane hakupata hata muda wa kulimbikiza. Ukimtoa matumbo umetupa sehemu kubwa ya kilichokuwamo. Kwa zebaki hesabu inageuka, kwa sababu iko kwenye mnofu wenyewe, na hapo umri na ukubwa ndivyo vya kutazama: sangara wa kilo 40 ameishi na kula kuliko wa kilo mbili.

Ugonjwa wa Minamata, sumu ya zebaki iliyowafikia watu kupitia samaki, ulitambuliwa rasmi Japani mwaka 1956, kwenye ghuba ya bahari; mlipuko wa pili ulijitokeza mwaka 1965 huko Niigata, na huo ulikuwa wa maji baridi, watu waliokula samaki wa mto Agano chini ya kiwanda kilichokuwa mbali mtoni. Mkataba wa dunia kuhusu zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017, umebeba jina la Minamata. Kinachotajwa mara chache ni namna daktari wa hospitali ya kiwanda cha Minamata, Hajime Hosokawa, alivyojua ukweli mapema. Mwaka 1959 alichukua maji taka ya kiwanda, hakumwogesha paka wala hakumnywesha. Alimchanganyia kwenye chakula. Paka namba 400 akaanza kutetemeka na kuyumba kama wavuvi walivyokuwa wakiyumba. Kampuni ikaficha matokeo, na Hosokawa akatoa ushahidi mwaka 1970 akiwa kitandani, mgonjwa wa saratani.

Basi, kwa mwenye bwawa au kizimba ambaye hana maabara: kila ukifungua gunia jipya, chota kikombe kimoja cha chakula, kitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko, bandika tarehe, jina la muuzaji na namba ya toleo iliyochapwa kwenye gunia, uweke kabatini. Samaki wakidumaa mwezi wa nne una cha kupeleka, wakati gunia lenyewe lilishageuka pazia la choo. Risasi na kadimi hazivundi. Kikombe cha mwaka jana kitatoa leo kipimo kilekile.